Kuacha dawa ya asidi bila kuungua upya: mwongozo kamili kwa uliyejaribu ukashindwa

Kati ya ujumbe wote ninaoupokea kuhusu tumbo, huu mmoja haukomi. Mtu amemeza omeprazoli mwaka mzima, au mitatu, au minane. Kasikia kwamba kuitumia muda mrefu kuna madhara, kaogopa, kaacha siku hiyohiyo. Siku mbili tatu za kwanza mambo ni shwari. Kufikia siku ya nne au ya tano kifua kinawaka kuliko hata alipoanza dawa. Anarudi kwenye kapsuli, moto unazimika, naye anaamini kwamba tumbo lake haliwezi tena kuishi bila dawa.

Mara nyingi anakosea. Moto ule ni wa tumbo lililobanwa muda mrefu kisha likaachiwa ghafla. Una kilele chake, kisha hushuka wenyewe, ila wengi hurudi kwenye dawa kabla haujashuka.

Mwongozo huu unakuongoza kupunguza, na inapowezekana kuacha, dawa za kundi hili: omeprazoli, esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli na rabeprazoli. Tazama boksi lako. Majina yao yote huishia na herufi "prazole". Tenga miezi mitatu hadi mitano. Anayekuahidi wiki moja hajawahi kukaa na mtu anayeungua saa nane za usiku.

## Kwanza: usianze kama uko hapa

Kuna watu ambao kapsuli hii ndiyo inayozuia tumbo lao lisivuje damu. Usipunguze wala kuacha bila daktari wako kukubali kama:

- uliwahi kutokwa damu tumboni kwa sababu ya kidonda;
- unameza kila siku aspirini, diklofenaki, ibuprofeni au dawa ya kuzuia damu kuganda, hasa kama umri umekwenda;
- kamera inayopitishwa kooni kuangalia tumbo ilionyesha umio wako, yaani njia ya chakula, una vidonda vikali, umebana, au uliambiwa una umio wa Barrett, yaani utando wake umebadilika kwa kuunguzwa na asidi muda mrefu;
- una ugonjwa wa Zollinger-Ellison, ambapo uvimbe hutoa homoni inayolilazimisha tumbo kumwaga asidi nyingi kupita kiasi;
- uko katikati ya matibabu ya bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori. Hayo maliza kwanza.

Na zipo dalili za kukupeleka hospitali leo: kutapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, chakula kukwama kikishuka, uzito kupungua bila kukusudia, upungufu wa damu usio na maelezo, kutapika kusikokoma. Maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa mkononi, shingoni au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, yachukulie kuwa ya moyo mpaka ithibitishwe vingine. Usikae nyumbani ukiyaita kiungulia.

## Vitu vya kuandaa

Daftari. Utaandika kila siku mambo matatu: umemeza nini na saa ngapi, dalili gani ilikuja, ilikuja muda gani baada ya kula au kulala. Bila daftari utaikumbuka siku mbaya moja na kuzisahau sita nzuri.

Orodha ya kila dawa nyingine unayotumia. Kiasi cha asidi tumboni hubadili jinsi baadhi ya dawa zinavyofyonzwa. Anayemeza levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingoni, kwa mfano, anaweza kuhitaji kupimwa upya baada ya kuacha.

Dozi ndogo ya dawa yako. Omeprazoli hutengenezwa kwa miligramu 40, 20 na 10. Usifungue kapsuli na kuhesabu punje ukidhani unapunguza dozi, na usizisage wala kuzitafuna. Kila punje imefunikwa utando unaoikinga na asidi. Ukiuvunja, dawa huharibikia tumboni kabla ya kufika inakofyonzwa.

Dawa ya akiba ya haraka. Bora zaidi ni yenye aljineti, ambayo hutengeneza tabaka zito linaloelea juu ya chakula na kuzuia asidi isipande. Usipoipata, ile ya maji ya kutuliza asidi yenye alumini na magnesiamu inafaa. Alumini hufunga choo, magnesiamu hukilainisha. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo amuulize mfamasia kwanza, kwa kuwa nyingi zina madini au chumvi zisizomfaa.

Vipande viwili imara vya mbao au tofali, vya kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20.

## Hatua ya 1: Andika kwa nini ulianza

Kamilisha sentensi hii kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: "Nilianza dawa hii mwaka fulani, kwa sababu ya…"

Wengi hukwama hapo. Waliandikiwa walipolazwa, au walipopewa dawa kali ya maumivu, kwa wiki chache tu. Walipotoka hakuna aliyewaambia waache. Kwa kiungulia cha kawaida, matibabu huwa ni ya wiki 4 hadi 8. Ukiona umefika mwaka wa tano kwa tatizo la wiki nane, basi hapo pana swali la kumuuliza daktari.

Usiruke hatua hii kwa kuona ni ya makaratasi. Aliyeanza kwa sababu ya maumivu ya goti yaliyokwisha kupona ana safari fupi. Mwenye kiungulia cha miaka mingi, cha kila usiku, ana safari nyingine kabisa, na huenda mwisho wake ukawa dozi ndogo badala ya kuacha moja kwa moja.

Utajua umefanikiwa sentensi ikikamilika, hata kama itabidi umwombe daktari afungue faili lako la zamani.

## Hatua ya 2: Pima, lakini kwa wakati wake

Hapa watu hupoteza fedha na kupewa majibu ya uongo.

Dawa hizi huwakandamiza Helicobacter pylori bila kuwaua wote. Ukipima kwa pumzi au kwa choo huku unaendelea kumeza, kipimo kinaweza kusema huna, kumbe unaye. Ili jibu liaminike, unatakiwa uwe umekaa wiki 2 bila dawa hizi na wiki 4 bila antibiotiki. Kipimo cha kingamwili kwenye damu hakisumbuliwi na dawa ya asidi, ila hubaki chanya muda mrefu hata baada ya bakteria kuuawa, kwa hiyo hakikuambii kama unaye leo.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu bakteria huyu akikaa pamoja na dawa ya asidi kwa miaka, kuvimba kwa utando wa tumbo huelekea kuhama. Kwa kawaida hukaa sehemu ya chini ya tumbo. Asidi ikibanwa, hupanda hadi kwenye mwili wa tumbo, zilipo seli zinazotengeneza asidi. Utando wa huko ukiwaka miaka mingi unaweza kukonda. Ndiyo maana mtu anayejulikana kuwa atahitaji dawa hizi kwa muda mrefu anafaa kupimwa bakteria huyo na kutibiwa mapema.

Ukiwa uliwahi kuwa na kidonda cha tumbo, zungumza na daktari juu ya kipimo kabla hujaanza kupunguza. Kama hukuwahi, panga kipimo kiangukie wiki 2 baada ya kapsuli yako ya mwisho. Utakuwa umetimiza sharti bila kujitesa mara mbili.

Vipimo vingine ni vya damu. Umetumia zaidi ya miaka 2? Uliza kuhusu vitamini B12, kwa kuwa asidi ndiyo husaidia kuitoa kwenye chakula. Zaidi ya mwaka 1, hasa kama unameza pia dawa za kukojosha? Uliza kuhusu magnesiamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya kushuka kwa madini haya mwaka 2011, na dalili zake ni kukakamaa kwa misuli, kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mrama. Kiwango cha damu na cha madini ya chuma ni vizuri kukijua pia.

## Hatua ya 3: Tenganisha dalili za dawa na dalili za ugonjwa

Endelea na dozi yako ileile kwa siku 7. Usipunguze kitu, andika tu. Kazi ya wiki hii ni kujua unachokisikia ni kitu gani, kwa maana nimeona watu wengi wakiongezewa dozi kwa dalili ambazo dozi yenyewe ndiyo ilizileta.

Tumbo kujaa gesi na kuvimba baada ya kula. Asidi ni mlinzi wa mlangoni. Bakteria wengi tunaowameza hufia tumboni. Mlinzi akilazwa usingizi, baadhi yao hupita na kuzaliana kwenye utumbo mwembamba, wakichachusha chakula na kutoa gesi. Mtu anahisi tumbo zito, anacheua, anadhani asidi imezidi, anaongeza kapsuli. Kama gesi yako haiambatani na kuungua kifuani, na imeongezeka tangu uanze dawa, itie alama kwenye daftari.

Kuhara. Choo laini cha siku chache mwanzoni mwa dawa ni jambo la kawaida. Kuhara majimaji kwa wiki kadhaa, bila damu, mara nyingi kukikuamsha usiku, ni jambo jingine. Ipo hali ambayo utumbo mpana huvimba kwa kiwango kisichoonekana kwa kamera. Hugunduliwa kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama na kukiangalia kwa hadubini. Lansoprazoli imehusishwa nayo zaidi kuliko nyingine. Mwambie daktari jina la dawa yako bila kusubiri akuulize.

Kuhara kunakoanza baada ya antibiotiki au baada ya kulazwa, pamoja na homa na tumbo kukata, kunaweza kuwa maambukizi ya bakteria wa utumbo aitwaye Clostridioides difficile. Huko si kwa kutibu nyumbani. Kinga ya asidi ikipungua, hata bakteria wa kuhara kama Salmonella na Campylobacter hupata nafasi kirahisi zaidi, kwa hiyo usafi wa maji na chakula ni muhimu kwako kuliko kwa jirani asiyetumia dawa hizi.

Vinyama vidogo tumboni. Waliotumia zaidi ya mwaka mmoja wakipigwa kamera, wengine hukutwa na vinyama vidogo kwenye sehemu ya juu ya tumbo. Neno lenyewe huwanyima watu usingizi. Vya aina hii, vinavyotokana na tezi za tumbo kubanwa na dawa, kwa kawaida havina madhara na vingi hupungua au kutoweka dawa ikiachwa. Uliza tu swali hili: "Je, vimepimwa, na ni vya aina gani?"

Na saratani? Hili ndilo linalowaachisha watu dawa usiku mmoja, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Tafiti zinazofuatilia watu kwa kuwatazama tu zimeona saratani ya tumbo ikitokea zaidi kidogo kwa watumiaji wa muda mrefu. Lakini wanaopewa dawa hizi ni wale ambao tayari tumbo linawasumbua, na baadhi yao wana bakteria niliyemtaja hapo juu, ambaye mwenyewe ni chanzo kikubwa cha saratani hiyo. Kutazama tu hakuwezi kuyatenganisha hayo vizuri.

Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019 liliwagawa watu zaidi ya 17,000 kwa bahati nasibu, wengine pantoprazoli miligramu 40 kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa miaka 3 hivi. Tofauti iliyojitokeza wazi ilikuwa maambukizi ya utumbo: asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Miaka mitatu si ishirini, na silichukui jaribio hilo kama kibali cha kumeza bila kufikiri. Linatosha, hata hivyo, kukuambia kwamba huna sababu ya kutupa boksi jalalani leo kwa hofu. Una muda wa kufanya kazi hii kwa utaratibu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema, kwa mfano: "Kuungua ni mara mbili kwa wiki, usiku. Gesi ni kila siku, na ilianza mwaka wa pili wa dawa."

## Hatua ya 4: Meza ipasavyo kwa wiki 2

Inashangaza, lakini kabla ya kupunguza unatakiwa kwanza uitumie vizuri.

Seli za tumbo zina pampu ndogo zinazosukuma asidi. Dawa hukamata pampu zilizo kazini tu; zilizolala huziacha. Kinachoziamsha ni chakula. Kwa hiyo kapsuli inatakiwa iwe imeshaingia kwenye damu pale chakula kinapofika: dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza. Anayeimeza baada ya kula, au usiku akipanda kitandani na tumbo tupu, anapata sehemu tu ya nguvu yake. Wengi wanaomeza miligramu 40 wangetosheka na 20 iliyomezwa kwa wakati wake.

Kama unameza mara mbili kwa siku na hakuna sababu maalumu uliyopewa, hapa ndipo pa kuzungumza na daktari ili ubaki na mara moja.

Onyo: wanaotumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo wamuulize daktari hata kama hawana mpango wa kuacha. Omeprazoli na esomeprazoli hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

## Hatua ya 5: Funga njia ya asidi kupanda

Weka mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Kurundika mito hakusaidii. Hukunja kiuno na kubana tumbo. Lalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa ukilala hivyo tumbo hukaa chini ya mlango wa umio. Acha saa 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala. Legeza mkanda. Tumbaku inalegeza mlango huo wa umio, na uzito uliozidi tumboni unausukuma. Kupungua hata kilo chache huonekana kwenye daftari.

Kuhusu vyakula, usijinyime kila ulichowahi kusikia kinakatazwa. Pilipili, pombe, kahawa, mafuta mengi na vitu vyenye uchachu huwasumbua watu tofauti kwa namna tofauti. Ondoa kile tu ambacho daftari lako limekishtaki mara tatu. Aliyejinyima vyote hushindwa kufikia wiki ya pili, kisha huacha mpango mzima.

## Hatua ya 6: Shuka ngazi kwa ngazi

Mwongozo wa wataalamu wa tumbo wa Marekani wa mwaka 2022 unaruhusu njia zote mbili, kushuka polepole au kuacha mara moja. Kwa mtu ambaye ameshaacha ghafla akashindwa, mimi huchagua kushuka. Utaratibu wa omeprazoli ni huu:

1. Kutoka miligramu 40 kwenda 20 kila siku, kwa wiki 3 hadi 4.
2. Kutoka 20 kwenda 10 kila siku, kwa wiki 2 hadi 4. Ukikosa ya 10, meza ya 20 siku moja, ruka siku inayofuata.
3. Ya 10 siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki 2.
4. Simama.

Anayeanzia 20 aingie kwenye ngazi ya pili. Anayetumia dawa nyingine za kundi hili amuombe mfamasia amwandikie dozi zinazolingana, maana miligramu 40 za pantoprazoli si sawa na 40 za omeprazoli.

Kanuni moja iwe ngumu: siku moja mbaya haikupandishi ngazi. Tumia dawa ya akiba, andika, lala. Dalili zikikusumbua kila siku kwa wiki nzima, rudi ngazi moja tu, kaa wiki 2, kisha jaribu tena. Kurudi ngazi moja si kushindwa. Kinachowaangusha watu ni kuruka kutoka chini kabisa hadi 40 kwa usiku mmoja.

Utajua umefanikiwa kwenye kila ngazi ukipata siku 7 ambazo akiba umeigusa mara moja au mbili tu.

## Hatua ya 7: Vuka wiki za moto

Sasa umesimama. Soma sehemu hii kabla ya siku hiyo.

Tumbo likikosa asidi kwa muda mrefu, mwili hudhani kuna upungufu na kutoa homoni ya gastrini kwa wingi. Gastrini huchochea na kukuza seli zinazoagiza asidi. Maadamu unameza kapsuli, agizo hilo halisikiki, pampu zimefungwa. Dawa hukamata pampu moja kwa moja, haiziachii. Mwili lazima utengeneze mpya, kazi inayochukua siku 3 hadi 5. Ndiyo maana siku za kwanza ni shwari. Kisha pampu mpya zinaingia kazini zikikuta umati wa seli zilizokua, zote zikidai asidi. Tumbo linamwaga kuliko lilivyomwaga kabla hujaanza dawa.

Watafiti wa Denmark waliliona hili mwaka 2009 kwa watu wazima wenye afya, ambao hawakuwa na tatizo la asidi hata kidogo. Nusu walipewa esomeprazoli miligramu 40 kwa wiki 8, kisha bila kujua wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa. Katika wiki 4 zilizofuata, asilimia 44 yao walipata kiungulia, kucheua asidi au maumivu ya tumbo, dhidi ya asilimia 15 ya waliokuwa kwenye vidonge hewa tangu mwanzo. Dawa iliwapa watu wazima wa afya ugonjwa ambao hawakuwa nao. Ukiungua wiki ya kwanza, kumbuka watu hao.

Namna ya kuvuka:

Aljineti baada ya milo na kabla ya kulala, katika wiki 2 za kwanza, hata kama hujaanza kuungua. Dawa za kutuliza asidi ziache saa 2 mbali na dawa nyingine, hasa madini ya chuma, dawa ya tezi na baadhi ya antibiotiki, kwa kuwa huzishika zisifyonzwe.

Famotidini, kwa usiku mgumu tu. Hii ni ya kundi jingine, nguvu yake ni ndogo kuliko ya kapsuli zako. Ukiimeza kila siku, mwili huizoea ndani ya wiki 1 hadi 2 na huacha kusikia. Iweke kwa dharura. Mwenye figo dhaifu aulize dozi. Kama una ranitidini ya zamani kabatini usiitumie. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 2020 kwa sababu ya kemikali iliyoweza kujikusanya ndani yake, inayohofiwa kuleta saratani.

Milo midogo, na subira iliyo na tarehe. Andika kwenye daftari tarehe ya wiki ya 4 na ya wiki ya 8. Kwa wengi moto huanza kupungua ndani ya wiki chache. Kwa waliotumia miaka mingi unaweza kuendelea miezi 2 au 3, ukishuka kidogo kidogo.

Utajuaje kama ni moto wa kuacha au ni ugonjwa wako uliorudi? Moto wa kuacha huja siku chache baada ya kusimama, hupanda haraka, kisha mstari wake kwenye daftari unateremka: leo mara nne, wiki ijayo mara mbili. Ugonjwa uliorudi haushuki. Wiki ya 8 inafanana na wiki ya 3, au imezidi, na dalili ni zilezile ulizoandika kwenye ukurasa wa kwanza. Na dalili yoyote ya hatari niliyoitaja mwanzoni ikijitokeza, acha kuhesabu wiki, nenda ukapimwe.

## Hatua ya 8: Amua kwa daftari

Fungua daftari wiki ya 8, na tena wiki ya 12 baada ya kapsuli ya mwisho.

Kama unaungua mara chache kwa mwezi, umemaliza. Bakiza aljineti nyumbani, endelea na kitanda kilichoinuliwa. Gesi au kuhara kulikoletwa na dawa kunapaswa kuwa kumepungua kufikia sasa. Kama bado kupo vilevile, chanzo chake ni kingine na kinahitaji kutafutwa.

Kama unaungua mara moja au mbili kwa wiki, muulize daktari kuhusu kumeza kwa mahitaji: dozi ndogo kwa siku chache dalili zinapokuja, kisha kusimama tena. Usivuke wiki 2 mfululizo bila kuongea naye, au utakuwa umeanza upya bila kujua.

Kama unaungua karibu kila siku na mstari haukushuka, una sababu halali ya dawa. Rudi kwenye dozi ndogo kabisa inayokutuliza, ukiimeza kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 4. Lakini kabla hujairudia, beba daftari hospitalini na uulize mambo mawili: kama sasa unahitaji kamera, na kama kipimo cha Helicobacter pylori kimefanyika kwa wakati sahihi. Omba kamera hiyo ipangwe kabla ya kurudia kapsuli, ikiwa daktari anaona unaweza kusubiri, kwa sababu dawa huponya juu juu na inaweza kuficha kile ambacho kamera inakitafuta.